Ndege iliyoanguka Guam iligharimu kiasi gani?

Tarehe 23 Februari 2008, ndege ya mabomu ya Marekani aina ya B-2, iliyopewa jina Spirit of Kansas, ilianguka ikipaa kutoka kambi ya Andersen kisiwani Guam. Unyevunyevu ulikuwa umeingia kwenye vihisi vya mwendo wa hewa, kompyuta ikaamini vipimo vya uongo, pua ikainuka kupita kiasi, na bawa la kushoto likagusa ardhi. Marubani wawili walijirusha nje wakapona. Ripoti ikaandika hasara: dola bilioni 1.4.

Nimekaa na vitabu vya hesabu za serikali miaka mingi, na kila nikiiona namba hiyo najiuliza: bilioni 1.4 za nini?

Maana B-2 ina bei kadhaa. Kwa fedha za 1997, kuiunda moja kuligharimu wastani wa dola milioni 737. Ukiongeza vipuri, vifaa na programu za kompyuta, unafika milioni 929. Ukigawa gharama ya mradi mzima, utafiti na majaribio yakiwemo, kwa ndege 21 zilizotengenezwa, kila moja inabeba bilioni 2.1. Bei zote hizo ni za kweli. Lakini utafiti haukuungua Guam. Michoro ipo na fedha yake ilikwisha tumika zamani. Anayetaja bilioni 2.1 kama hasara anahesabu mara ya pili.

Upande wa pili kuna uchakavu. Ndege ile ilikuwa imeruka zaidi ya saa 5,000. Mwenye daladala ya miaka kumi na tatu hawezi kudai bei ya gari jipya, na mhasibu angetoa uchakavu kwanza. Tena, hadi kiwango cha uhasibu cha 2003 kilipobadilisha mambo, silaha za Marekani hazikuwekwa kwenye mizania kama mali. Zilihesabiwa matumizi ya mwaka ule ule, basi. (Tangu ukaguzi kamili wa kwanza, wa 2018, Pentagon, yaani wizara ya ulinzi ya Marekani, haijapata hati safi hata mara moja, na daftari la mali ni mojawapo ya vidonda vyake.)

Kwangu mimi swali zito ni la kuziba pengo. Serikali ile haikati bima ya ndege zake za kivita, kwa hiyo hakuna wa kulipa fidia. Ndege mpya hudai bajeti mpya. Na uundaji wa B-2 ulikuwa umeshasimamishwa. Kwa bei yoyote, ya 22 haikuwepo sokoni. Zilibaki 20, na kazi ya 21 ikagawanywa kati yao. Gharama hiyo haina mstari kwenye taarifa ya fedha.

Desemba 2022 B-2 nyingine iliharibika kambini Whiteman, Marekani. Safari hii ilipigwa hesabu ya matengenezo, ikaonekana hailipi, wakaistaafisha. Zimebaki 19.