Hekaya ya Webb Ellis: nani hasa alianzisha raga?

Hekaya ya Webb Ellis ni simulizi kwamba raga ilizaliwa mwaka 1823 katika shule ya Rugby, Uingereza, pale mwanafunzi William Webb Ellis alipoukumbatia mpira katikati ya mechi ya soka na kukimbia nao. Ellis alikuwepo kweli. Alisoma hapo kuanzia 1816 hadi 1825, akawa mchungaji wa Kianglikana, akafia Menton, Ufaransa, mwaka 1872. Kombe la Dunia la raga la wanaume limebeba jina lake tangu 1987. Chenye shaka ni kisa chenyewe.

Kwanza, hiyo haikuwa soka. Sheria za soka tunayoijua ziliandikwa 1863, miaka 40 baadaye. Rugby walikuwa na mpira wao, na kuudaka kwa mikono kuliruhusiwa. Aliyeudaka hewani alirudi nyuma kupata nafasi ya kuupiga, na wapinzani hawakuruhusiwa kuvuka pale alipoudakia. Kilichokatazwa ni kukimbia nao mbele, kuelekea goli la wapinzani. Kwa hiyo hata kama Ellis alivunja sheria, hakuivunja kwa mikono bali kwa miguu. Simulizi nyingi hupotosha hapo.

Ushahidi wenyewe ni mwembamba mno. Wa kwanza kuandika kisa hiki ni Matthew Bloxam, katika gazeti la shule, mwaka 1876 na tena 1880. Ellis alikuwa ameshakufa, hivyo hakuulizwa. Bloxam naye alimaliza shule 1820, kwa hiyo alikuwa akisimulia ya kusikia, bila kumtaja aliyemwambia. Mwaka 1895 chama cha wanafunzi wa zamani kiliunda kamati ya uchunguzi. Thomas Harris, aliyesoma na Ellis, alimkumbuka kama mchezaji hodari wa kriketi mwenye tabia ya kujipatia faida isiyo halali kwenye mpira, lakini tukio lenyewe hakudai kuliona. Thomas Hughes, aliyeingia shuleni 1834, alisema enzi zake kisa cha Ellis hakikusimuliwa kabisa. Kukimbia na mpira, alisema, hakukukatazwa moja kwa moja, ila kama mvulana angeuawa akifanya hivyo, wenzake wangeamua kwamba muuaji hana hatia!

Ushahidi huo wa Hughes ndio wenye uzito kuliko wote, kwa sababu unaonyesha desturi ikibadilika polepole. Hughes alimtaja Jem Mackie, mkimbiaji mwenye nguvu wa miaka ya 1838 na 1839, kuwa ndiye aliyeufanya mtindo huo upendwe. Ukahalalishwa mwanzoni mwa miaka ya 1840. Sheria zilipoandikwa mwaka 1845, kukimbia na mpira kuliruhusiwa kwa sharti kwamba mchezaji asiuokote kutoka chini. Huo ni mchezo uliotengenezwa na vizazi vya wavulana.

Mwaka huohuo wa 1895, klabu za raga za kaskazini mwa Uingereza zilijitenga na chama cha raga kwa ugomvi wa malipo ya wachezaji, na wapo wanahistoria wanaoona shule ilitaka kuushika umiliki wa asili ya mchezo. Kamati iliandika kwamba Ellis ndiye mwanzilishi "kwa uwezekano mkubwa". Jiwe la kumbukumbu lililowekwa shuleni mwaka 1900 halikubakiza neno lolote la shaka.