Acheni kumwambia lainibeka atazame mpira

Ijumaa iliyopita nimelisikia tena, kwenye mechi ya futiboli ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu, ninayoifundisha huku Texas. Robo ya tatu, tunaongoza kwa pointi nne, na jukwaani nyuma yangu baba wa lainibeka wangu wa kati, yaani mlinzi anayesimama nyuma ya mstari wa mbele wa ulinzi, anaita kwa Kiswahili katikati ya Wateksasi: "Mwanangu, mpira! Tazama mpira!" Mtoto akatii. Mkimbiaji akapiga hatua moja kuelekea kushoto kwa kijana, kijana akachomoka naye hatua tatu, kisha mkimbiaji akageuka kulia akapita palepale kijana alipokuwa amesimama. Hakuna aliyemgusa hadi mwisho wa uwanja. Baada ya mechi mzee akanifuata: "Kocha, unamgombeza kwa nini? Si yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kukimbia?"

Alikuwa wa kwanza, mzee wangu. Alikimbilia kusikokuwa na kitu.

Naelewa imani hii inatoka wapi. Wengi wetu tumekulia kwenye soka, ambako mpira uko wazi, kila mtu anauona. Huku timu nzima inayoshambulia inafanya kazi ya kuuficha. Kwotabeki, anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, anageuza mgongo, anausogeza mpira tumboni mwa mkimbiaji, anauacha au anauchomoa. Lainibeka amesimama yadi nne au tano nyuma ya mstari, na kati yake na mpira kuna ukuta wa mabega ya watu watano wazito. Mpira wenyewe haoni. Anachoona ni mikono ya kwotabeki, na mikono ile imefundishwa kudanganya kuliko kitu chochote uwanjani. Ukiifuata umeingizwa mjini.

Ndiyo maana namwambia atazame magadi, wale wazuiaji wawili wanaopakana na senta, yule wa katikati anayeanzisha mpira. Gadi hana nafasi ya kuigiza muda mrefu, ana mtu wa kumzuia na muda wa kufumba na kufumbua. Akija chini na mbele, ni mbio za moja kwa moja: jaza pengo lako, ile nafasi kati ya wazuiaji uliyopewa kuilinda. Kofia yake ikiinuka naye akirudi nyuma, ni pasi: rudi ukalinde eneo lako. Akichomoka kwenye mstari akakimbia pembeni, mfuate, anakupeleka mpira unakokwenda.

Hili la tatu ndilo lililotuua Ijumaa, na ndilo linalonikera. Mchezo unaitwa kaunta. Mkimbiaji anaanza upande mmoja kwa makusudi kabisa, na wakati huohuo gadi anapita nyuma ya senta kuelekea upande wa pili. Nilimrudishia kijana video nikaziba nusu ya juu ya skrini kwa kiganja, mkimbiaji na kwotabeki wasionekane. Yalibaki matako na miguu ya magadi. Nikaicheza. Mara ya kwanza tu akasema, "Kulia, kocha." Mkimbiaji alikuwa bado hajapiga hata ile hatua yake ya uongo. Jibu lilikuwa wazi mbele ya macho yake Ijumaa, ila macho yalikuwa kwingine kwa sababu baba alimwambia.

Na hili si tatizo la watoto. Timu ya Washington ya kocha Joe Gibbs ilijijengea jina miaka ya 1980 kwa kumchomoa gadi pamoja na tekoli (tackle), mzuiaji anayepakana naye kwa nje, wa upande wa nyuma na kuwapeleka upande wa pili. Januari 1988, kwenye Super Bowl, fainali ya ligi ya Marekani, dhidi ya Denver, mkimbiaji wao Timmy Smith alikimbia yadi 204 katika mechi ya kwanza aliyoanza. Washington ilishinda 42 kwa 10. Itafuteni muitazame tena, lakini msimwangalie Smith. Angalieni wanaomtangulia.

Kuhusu kumwangusha mtu, sitakaa sana. Bega, mikono imfunge, kichwa pembeni. Kugonga kwa kofia kumepigwa marufuku shuleni na vyuoni tangu 1976, na waliocheza raga hili hawahitaji kufundishwa. Nguvu ninaitaka, lakini mwenye nguvu aliye mahali pasipo sahihi anagonga hewa. Lainibeka Sam Mills alikuwa na urefu wa futi 5 na inchi 9, timu zikamkataa kwa ufupi huo, na 2022 akaingizwa kwenye Ukumbi wa Mashujaa wa mchezo huu (Hall of Fame). Luke Kuechly, lainibeka wa timu ya Carolina, alikuwa akiwapigia wenzake kelele za mchezo unaokuja kabla mpira haujaguswa. Huyo alikuwa anasoma.

Sasa niseme linaloninyima usingizi. Siku hizi karibu kila timu tunayokutana nayo inacheza mchezo ambao kwotabeki anaamua mpira ukiwa tayari umeanza: akimbize au arushe. Gadi anakuja kuzuia kana kwamba ni mbio, wala hadanganyi, yeye kaambiwa hivyo. Lainibeka wangu anamsoma sawasawa, anaingia kujaza pengo, na mpira unarushwa pale alipotoka. Kafanya nilichomfundisha, na kafanya kosa. Vyuoni gadi anaruhusiwa kusogea mbele yadi tatu kabla ya pasi, kwa hiyo dalili ya kofia kuinuka inachelewa mno.

Tena wako vijana wanaoganda. Ukiwapa vitu vitatu vya kusoma wanasimama kama mlingoti. Mmoja wao mwaka jana nilimwambia: mdogo wangu, sahau magadi, wewe pengo lako ni hilo, ingia kila mara. Akacheza vizuri kuliko msimu wote. Nikiwa peke yangu nabaki kujiuliza kama nilimfundisha au nilimkatia tamaa.

Kwa sasa wa kati anaendelea kusoma magadi. Wa pembeni, upande wenye watu wachache, nimemhamishia macho kwa mkimbiaji tangu Jumatatu, kwa sababu lainibeka huyo ndiye ambaye kwotabeki anamvizia kabla ya kuamua. Jana kwenye mazoezi yule wa kati alipatia mara saba kati ya kumi, bila mpira kabisa. Niliufungia kwenye begi. Baba yake alikuwa amesimama kando ya uzio. Hakuita chochote.