Sistinuria: mawe ya figo ya kurithi

Mtu akipata jiwe la figo, cha kwanza kulaumiwa ni maji: kisima kina chumvi, au mwenyewe si mnywaji. Mara nyingi lawama hiyo si ya bure. Lakini mtoto wa miaka 8 akitolewa jiwe, mwakani akarudi na jingine, na dada yake naye yakampata hayo hayo, kisima hakiwezi kubebeshwa mzigo wote. Hapo daktari aifikirie sistinuria.

Sistini ni amino asidi, yaani mojawapo ya vijenzi vya protini. Figo huichuja kutoka kwenye damu, kisha mirija yake huirudisha karibu yote. Kwa mwenye sistinuria mlango wa kuirudishia ni mbovu, kwa hitilafu ya jeni SLC3A1 au SLC7A9. Ornithini, lisini na ajinini hupotea kwa mlango huohuo bila madhara, maana huyeyuka vizuri. Sistini haiyeyuki vizuri: lita moja ya mkojo hubeba takribani miligramu 250 tu, inayozidi hugeuka chembe, chembe zikawa jiwe.

Mgonjwa hurithi jeni mbovu kwa baba na kwa mama pia. Wazazi wenyewe mara nyingi hawajawahi kuugua, ndiyo maana ukoo hushangaa. Kila mimba yao ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuleta mtoto mgonjwa.

Jina lenyewe lina kosa la kale. Mwaka 1810 William Wollaston wa London alichunguza jiwe lililotoka kwenye kibofu, akalipa jina kwa neno la Kigiriki la kibofu. Figo, mawe yanakoanzia, ikasahauliwa.

Kuutambua ugonjwa huu si kazi kubwa. Chini ya hadubini chembe za sistini zina pembe sita, kama vyumba vya sega la nyuki. Jiwe likitoka lenyewe, lisiachwe lipotelee chooni. Likingwe kwa chujio la chai lipelekwe maabara. Wengi huhangaika miaka kwa sababu hakuna aliyelipima.

Tiba kubwa ni maji, kwa mtu mzima lita 3 au zaidi kwa siku, pamoja na kupunguza chumvi na kumeza potasiamu sitrati ili mkojo usiwe na asidi. Yasipotosha, kuna dawa iitwayo tiopronini. Mashine ya kuvunja mawe kwa mawimbi huhangaika nayo, kwani ni magumu. Saa mbaya zaidi ni usiku, mkojo unapokolea: mgonjwa anywe kabla ya kulala, aamke kukojoa, anywe glasi nyingine ndipo arudi kitandani.