Daktari, mbona hamjanitoa damu?

Hilo swali naulizwa kila wiki. Mtu amekaa na mimi karibu saa nzima, nimemuuliza usingizi, hamu ya kula, kazi, ndoa, mawazo ya kujidhuru, mwisho namwambia naona una sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, basi ananitazama kama aliyekuwa anasubiri majibu ya maabara halafu akaletewa maoni ya mtu. Namuelewa kabisa. Malaria inapimwa, sukari inapimwa, presha inapimwa, sasa ugonjwa uliomnyima usingizi miezi minne unapimwa kwa maongezi tu? Na mara nyingi nyuma ya swali kuna ndugu kule nyumbani ameshamwambia kama hakuna kipimo hakuna ugonjwa, huo ni uvivu, amejiendekeza.

Leo nataka nijibu vizuri maana ofisini sipati muda.

Kwanza, damu tunatoa. Mtu akija na huzuni na uchovu tunaangalia tezi ya thairoidi, wingi wa damu, sukari, vitamini B12, kaswende, VVU. Thairoidi ikifanya kazi chini ya kiwango mtu anakuwa mzito, anasahau, analala sana, ananenepa, anakosa raha na kila kitu, ukimuuliza maswali ya sonona anajibu ndio karibu yote, na dawa yake ni homoni ya thairoidi. Kwa hiyo vipimo vipo, ila vyote vinatafuta kitu kingine kinachojifanya sonona. Cha kuthibitisha sonona yenyewe ndo hakuna, wala cha skizofrenia (ugonjwa wa kusikia sauti na kuamini visivyokuwepo), wala cha bipola (wa hisia kupanda mno na kushuka mno).

Sasa kwa nini hakuna? Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo, hadi kwenye kaswende.

Karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 wodi za akili za Ulaya na Marekani zilijaa watu wenye ugonjwa mmoja wa kutisha sana. Mtu mzima, mwenye kazi yake na familia, anaanza kujiona tajiri, mfalme, anatapanya pesa, baadaye akili inapotea, viungo vinapooza, na ndani ya miaka michache anakufa. Ulihesabiwa kuwa ugonjwa wa akili kama mingine, wengine wakasema ni tabia mbaya, wengine ukoo. Mwaka 1906 kikapatikana kipimo cha damu cha Wassermann cha kaswende, na 1913 Hideyo Noguchi na mwenzake Moore wakawakuta vijidudu vya kaswende wenyewe ndani ya ubongo wa waliokufa kwa ugonjwa huo. Kabla ya penisilini Julius Wagner-Jauregg alikuwa anawaambukiza wagonjwa malaria makusudi ili homa kali iue vijidudu, na 1927 akapewa tuzo ya Nobel kwa hilo. Penisilini ilipokuja miaka ya 1940 wodi zile zikaanza kupungua watu. Na leo hakuna anayesema kaswende ya ubongo ni ugonjwa wa akili, ni maambukizi, basi.

Jambo la namna hiyo limetokea tena juzi juzi tu. 2007 Josep Dalmau na wenzake walieleza ugonjwa ambao binti mzima kabisa anaanza ghafla kusikia sauti, kuogopa watu, kuongea visivyoeleweka, kisha inafuata degedege, wengine wanashindwa hata kupumua wenyewe. Kumbe kinga yake ya mwili imetengeneza kingamwili zinazoshambulia vipokezi vya NMDA, yaani milango ya kupokea ujumbe kwenye seli za ubongo, na kwa wengi wa mwanzo chanzo kilikuwa uvimbe kwenye ovari. Ukiutoa uvimbe na kuituliza kinga, wengi wanapona. Huwa nafikiria wangapi kabla ya 2007 waliandikiwa skizofrenia na wakaishia hapo, nikifikiria sana usingizi unaniruka.

Sijui kama mnaona ninachokiona. Kila tukikamata chanzo cha ugonjwa, ugonjwa unahama, unaenda kwa madaktari wa maambukizi au wa neva, na sisi wa akili tunabaki na ile ambayo chanzo chake bado. Kwa hiyo mtu akisema magonjwa ya akili hayana kipimo anasema kweli, lakini ni kweli kwa sababu yaliyopata kipimo tulishayaondoa kwenye orodha! Haina maana yaliyobaki hayapo mwilini.

Sasa tuje kwenye serotonini, maana hili nalo naulizwa sana. "Si nilisikia ni upungufu wa kemikali kwenye ubongo?" Hiyo hadithi ilianzia kwenye dawa. Mwaka 1952 wagonjwa wa kifua kikuu waliopewa dawa iitwayo iproniazidi walichangamka kupita matarajio, na ikaonekana dawa hiyo inazuia kimeng'enya kinachovunja serotonini na noradrenalini. Watu wakageuza hesabu, kama kuongeza kemikali kunasaidia basi ugonjwa ni upungufu wake. Ila ndoo ya maji inazima moto na hatusemi nyumba iliungua kwa upungufu wa maji. Halafu vidonge vya siku hizi vinaongeza serotonini kwenye maungio ya neva ndani ya masaa, wakati mgonjwa anaanza kujisikia nafuu baada ya wiki kadhaa, kwa hiyo katikati kuna kazi nyingine inafanyika, pengine seli kubadilisha vipokezi na kutengeneza maungio mapya. Na serotonini nyingi ya mwili, karibu asilimia 90, iko tumboni, hivyo kuipima kwenye mkojo au damu hakukuambii chochote kuhusu ubongo. Anayekuuzia kipimo hicho usimpe pesa yako.

2022 Joanna Moncrieff na wenzake walipitia tafiti nyingi wakasema hakuna ushahidi wa kueleweka kwamba wenye sonona wana serotonini ndogo, na watu wakakimbilia kutupa vidonge. Jamani, msifanye hivyo. Nadharia ya kwa nini dawa inafanya kazi ni kitu kimoja, na kama inafanya kazi ni kitu kingine. 2018 ulitoka uchambuzi wa majaribio 522 ya dawa 21 za sonona na zote zilishinda vidonge visivyo na dawa ndani, sio kwa tofauti kubwa sana, ila zilishinda. Ukiacha ghafla utapata kizunguzungu, hasira, usingizi wa mang'amung'amu, ongea kwanza na aliyekuandikia.

Kuna kipindi tulidhani kipimo tumepata kabisa. Ukiwa na msongo ubongo unatuma amri, haipothalamasi inaiambia pituitari, pituitari inaziambia tezi zilizo juu ya figo, nazo zinamwaga kotisoli, homoni ya msongo. Kotisoli ikizidi inatakiwa irudi kuuambia ubongo imetosha. Sasa ukimpa mtu asiye na ugonjwa dawa ya deksamethasoni usiku, ambayo ubongo unaiona kama kotisoli, kesho yake kotisoli yake inakuwa chini. Kwa wenye sonona kali karibu nusu haishuki, breki haishiki. 1981 Bernard Carroll na wenzake wakaitangaza kuwa kipimo cha maabara cha sonona na hospitali nyingi zikaanza kukitumia. Kikafa ndani ya miaka michache. Breki ilikuwa haishiki pia kwa wenye dimenshia, kwa waliokonda sana, kwa walioacha pombe karibuni, na wale nusu nyingine wenye sonona majibu yao yalikuja safi kabisa. Hebu fikiria unaambiwa huna ugonjwa na wewe usiku uliopita ulikuwa unaandika barua ya kuaga.

Picha za ubongo nazo zina shida hiyohiyo. Ukipanga maelfu ya watu wenye sonona na maelfu wasio nayo, hipokampasi (sehemu ya ubongo ya kumbukumbu) ya wenye sonona kwa wastani ni ndogo kwa asilimia moja hivi. Ni kweli na ni muhimu kwa kuelewa ugonjwa. Lakini watu wazima wawili wasio na tatizo lolote wanaweza kutofautiana zaidi ya hapo, kwa hiyo nikikupiga MRI wewe peke yako siwezi kujua uko kundi gani.

Jeni nitapita haraka. Skizofrenia inarithiwa sana, ila pacha wanaofanana kabisa, mmoja akiupata mwenzake anaupata karibu nusu tu ya nyakati au pungufu. Mwaka 2022 zilishafika sehemu 287 za jenomu zenye uhusiano nayo, kila moja inasukuma kidogo sana. Inayonivutia ni C4, iliyoelezwa 2016. Hiyo ni jeni ya kinga, inaweka alama kwenye maungio ya neva yanayotakiwa kufyekwa wakati wa ujana, na aina zinazofanya kazi kupita kiasi huenda zinafyeka mengi mno. Ugonjwa huu huanza hasa ujanani na mwanzoni mwa utu uzima, na hapa kwa mara ya kwanza tunapata maelezo yanayoshikika ya kwa nini umri huo.

Mimi matumaini yangu makubwa yako kwenye kinga ya mwili. Zamani homa ya ini aina C ilikuwa inatibiwa kwa interferoni, ambayo ni ujumbe wa kinga ya mwili, na watu ambao hawajawahi kuwa na sonona maishani mwao waliingia kwenye sonona kamili ndani ya wiki chache, robo yao hivi au zaidi. Yani tuliuona ugonjwa ukitengenezwa mbele ya macho yetu kwa sindano. Na kati ya wenye sonona ya kawaida kama robo wana CRP, protini inayopanda kinga ikiwaka, iliyo juu damuni, kana kwamba mwili unapigana na maambukizi ambayo hayapo. 2013 watafiti wa Marekani waliwapa watu 60 wenye sonona sugu ama infliksimabu, dawa ya kuzima saitokini (ujumbe wa kinga) moja, ama dripu tupu. Jumla hakukuwa na tofauti, ila ukiwatazama wale ambao CRP ilianza juu, dawa ilielekea kuwasaidia, na wenye CRP ya chini walifanya vizuri zaidi kwenye dripu tupu.

Nilivyosoma ile karatasi nilikaa kimya muda mrefu. Kwa sababu sonona kumbe ni jina kama homa. Homa inaweza kuwa malaria, taifodi, nimonia, na tungetafuta kipimo kimoja cha homa tungetafuta mpaka leo. Wagonjwa wangu wawili wanajibu maswali sawasawa, mmoja kinga yake imewaka, mwingine breki ya kotisoli imekatika, na mimi nawaandikia kidonge kilekile kisha nasubiri wiki sita nione nani kimemkubali. Inaniuma, ila ndo tulipo.

Kwa hiyo ukienda hospitali kwa huzuni isiyoisha, omba wakupime thairoidi, damu, sukari, na hivyo vingine nilivyotaja juu, ni haki yako. Majibu yakirudi safi yote usikubali kuambiwa huna kitu, omba ukae na mtu atakayekuuliza yale maswali ya saa nzima, na mjibu kila kitu, hasa lile la kujidhuru.