Glavu Hazinawi kwa Niaba Yako

Wiki iliyopita nilimsimamisha muuguzi kijana aliyekuwa akitoka kitanda cha nne kwenda cha tano bila kugusa kitakasa mikono kilichokuwa ukutani mbele yake, naye akanijibu kwa heshima zote, "Sista, mbona nimevaa glavu?" Jibu hilo nimelisikia kwa madaktari bingwa, kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza na kwa wakunga walionitangulia kazini. Nimechoka kulijibu kwa mtu mmoja mmoja pembeni mwa kitanda, kwa hiyo naliandika hapa.

Kijana huyo nilikuwa nimemtazama tangu mwanzo. Alimwekea mgonjwa kanula, ule mrija mdogo wa kwenye mshipa, vizuri kabisa, akafunga plasta, akarekebisha dripu, akavuta pazia, akatoa kalamu mfukoni, akaandika kwenye faili, akairudisha kalamu mfukoni, na muda wote huo glavu zilikuwa zile zile. Alipotaka kwenda kwa mgonjwa wa pili, alikuwa na damu kidogo kwenye ncha ya kidole cha shahada. Hakuihisi. Mkono mtupu ukilowa unakupa habari mara moja nawe unatafuta maji bila kuambiwa, lakini mkono ulio ndani ya glavu haupati habari hiyo.

Inafaa tukumbuke glavu za upasuaji zilianzaje. Mwishoni mwa karne ya 19, katika hospitali ya Johns Hopkins huko Baltimore, daktari William Halsted aliagiza glavu nyembamba za mpira kwa sababu ngozi ya muuguzi wake, Caroline Hampton, ilikuwa ikiharibiwa na dawa za kuulia vijidudu. Zilitengenezwa ili kumkinga mhudumu. Hadi leo glavu za kawaida za wodini zinafanya zaidi kazi hiyo, na mgonjwa anafaidika nazo pale tu zinapokuwa mpya, zikavaliwa kwa mikono safi, zikatumika kwa kazi moja na kutupwa. Huwa na vitundu visivyoonekana kwa macho, ndani yake kuna joto na jasho, na wakati wa kuzivua ni rahisi sana uchafu kuhamia kwenye kifundo cha mkono. Ndiyo maana tunasafisha mikono baada ya kuzivua, hata kama zinaonekana nzima.

Linaloniudhi zaidi, na ambalo mafunzo mengi hulipitia haraka, ni glavu moja kwa mgonjwa yule yule. Watu wengi wamekwisha kuelewa kwamba hawapaswi kuhama nazo kitanda hadi kitanda. Lakini mtu anamwaga mkojo kutoka kwenye mfuko wa katheta, yaani mrija wa kutolea mkojo, kisha kwa glavu hizo hizo anafungua kifuniko cha kanula na kuchoma dawa, kwa hoja kwamba vijidudu ni vya mgonjwa mwenyewe. Ni vya kwake, ndiyo, ila vilikuwa kwenye mkojo na sasa umevifungulia mlango wa mshipa wa damu. Katika nyakati tano za kusafisha mikono zilizowekwa na Shirika la Afya Duniani, wakati wa pili unasema kabla ya kazi safi, kama hiyo ya kuchoma dawa kwenye kanula, na haujali kama mgonjwa umembadilisha au la. Ukitoka sehemu chafu ya mwili kwenda sehemu safi, vua, safisha mikono, vaa nyingine.

Kuna pia mahali ambapo glavu hazihitajiki kabisa: kupima presha, kusukuma kitanda, kumlisha mgonjwa, hata kuchoma sindano ya kawaida ya msuli au ya chanjo, iwapo ngozi yako na ya mgonjwa ni nzima. Mikono safi inatosha. Kitakasa chenye spiriti sekunde 20 hadi 30, au maji na sabuni sekunde 40 hadi 60. Uchafu ukionekana, au mgonjwa akiwa na kuhara kunakosababishwa na Clostridioides difficile, tumia sabuni, kwa sababu spiriti haiui mbegu za kijidudu hicho. Ukichomwa na sindano iliyotumika, osha kwa maji na sabuni, usiminye jeraha, toa taarifa papo hapo. Dawa za kinga dhidi ya VVU zianze mapema iwezekanavyo na zisipite saa 72.

Sasa niseme kinachonisumbua. Usiku, muuguzi mmoja mwenye wagonjwa 30 hawezi kutimiza nyakati zote tano, na mimi ninayemkagua mchana ninalijua hilo. Nikilazimika kuchagua, nalinda wakati wa pili kwanza, lakini sijawahi kuwa na amani na uchaguzi huo. Vivyo hivyo kuhusu kupulizia spiriti juu ya glavu: mwongozo haukubali, kwa kuwa glavu za kutumia mara moja hazikutengenezwa kwa hilo, nami nafundisha hivyo. Hata hivyo, siku ambayo maboksi ya glavu yamebaki mawili na wagonjwa wanaotapika damu wanaendelea kuletwa, siwezi kumlaumu anayefanya hivyo.

Baada ya mazungumzo yetu nilimpaka yule kijana rangi ya maji ya watoto kwenye vidole vya glavu, nikamwambia azivue kama anavyozivua siku zote. Rangi ya bluu ilibaki chini kidogo ya saa yake. Jumatatu tunafunga kitakasa kwenye ukingo wa kila kitanda, na boksi la glavu litahama kutoka mlangoni, ambako watu huzivaa wakiingia, hadi kwenye toroli la vifaa.