Je, wajua? Deki inayotawala mashindano inahitaji akili ama inajicheza yenyewe

Ukikaa dakika kumi na wasee wanaocheza Yu-Gi-Oh!, Pokémon ama Magic hapa Nairobi lazima utaskia hii: mtu amepigwa, anakusanya kadi zake, anasema "aah, hiyo deki inajicheza yenyewe." Na yule ameshinda anawaka, juu yeye ndio anajua amekesha mara ngapi akiifanyia mazoezi. Huu ubishi hauishi. Lakini swali lenyewe lina jibu, tena jibu unaweza kulipima, na mimi naona wengi wetu tunalipima vibaya kwa sababu ya vile gemu zinachezwa hapa kwetu. Nitafika hapo.

Kwa mwenye hajawahi kuzishika, hizi ni gemu za kadi ambazo kila mtu anakuja na pakiti yake mwenyewe, ndio tunaita deki. Magic ndio ilianza hii maneno mwaka 1993, ikabuniwa na Richard Garfield, na deki yake kawaida ni kadi 60, nakala zisizidi 4 za kadi moja ukitoa zile ardhi za kawaida, yaani kadi za kukupa nguvu ya kulipia zingine. Yu-Gi-Oh! ni kadi 40 hadi 60, nakala 3. Pokémon ni 60 kamili. Sasa kwa vile kila mtu anaunda yake, lazima siku moja mtu atapata mchanganyiko mkali kuliko yote, ashinde mashindano makubwa, orodha ya kadi zake iingie mtandaoni, na kabla hujakaa vizuri kila meza ina hiyo deki. Hapo ndio tunasema imetawala meta, yaani ile hali ya nini kinachezwa na watu wengi saa hii na nini kinapiga nini.

Jibu langu ni hili: akili inahitajika, na kwa deki nyingi zilizotawala inahitajika hata zaidi, ila inahama mahali. Haiko tena kwa swali la "nicheze deki gani". Na kipimo ni kimoja tu. Wape watu wawili deki ile ile, kadi kwa kadi, waambie wacheze siku nyingi. Kama ushindi unaenda nusu kwa nusu haijalishi umemweka nani kwa kiti, basi kweli hiyo kitu inajicheza. Kama mmoja anampiga mwenzake kila wikendi, deki imetoka kwa hesabu, kilichobaki ni mtu. Si tunajua hii tangu utotoni, ile karata ya mtaani ya kusema "niko kadi" pakiti ni moja ya watu wote, hakuna mwenye ya bei, na bado kila ploti ina yule jamaa mmoja anaweka ile 2 yake na ile A mpaka dakika ya mwisho na anamaliza kabla yako karibu kila siku.

Basi tuangalie deki zenyewe. 2011, Magic, kulikuwa na kitu inaitwa Caw-Blade. Ben Stark alishinda nayo Pro Tour ya Paris, yale mashindano makubwa ya Magic, mwezi wa pili na baada ya hapo haikushikika. Ndani kulikuwa na Squadron Hawk, kandege kadogo ka nguvu 1, kakiingia mezani unaruhusiwa kutafuta ndani ya deki wenzake hadi watatu unawaweka mkononi, alafu unachanganya deki. Kulikuwa na Stoneforge Mystic, anakutafutia upanga. Na kulikuwa na Jace, the Mind Sculptor, ambaye kati ya kazi zake unaweza kuokota kadi 3 alafu urudishe 2 kutoka mkononi juu ya deki. Ukisoma hivi unaona kadi nzuri tu. Lakini shika mkono wenyewe: una Jace na una ndege watatu. Unatumia Jace, unaokota 3 mpya, unarudisha ndege wawili juu ya deki, kisha unacheza yule wa tatu, anaenda kuwatafuta wale wawili anawaleta tena mkononi, na deki inachanganywa. Umepata kadi 3 mpya na hujapoteza chochote. Mwenye ameona ndege akamwaga wote mezani haraka haraka ili apige, hiyo nafasi haipati tena. Na mwenye amerudisha kadi mbaya mbili juu ya deki bila kuwa na kitu cha kuchanganya, atakaa zamu mbili zinazofuata akiokota takataka yake mwenyewe. Ni kadi zile zile.

Alafu sasa weka Caw-Blade mbili zikitazamana. Nani anafaa kushambulia na nani anafaa kungoja? Hilo swali halijaandikwa kwa kadi yoyote, na linabadilika katikati ya gemu, mtu anaanza akiwa mshambulizi alafu mwenzake anaweka Jace mezani na mambo yanageuka. Ukisoma vibaya umepoteza, na mara nyingi hutajua umepoteza wapi, utasema ni bahati.

Kwa wa Yu-Gi-Oh!, mfano mzuri ni Tearlaments, ile ya mwishoni mwa 2022. Wengi walioipata walichukia, na naelewa, juu ukiwa na deki ya kawaida ilikuwa inakukanyaga bila huruma. Ilikuwa inafanya kazi hivi: majini yake (zile kadi za mazimwi) yakitupwa makaburini, yaani kwa rundo la kadi zilizotoka mchezoni, na nguvu ya kadi, yanaungana kutoka huko huko makaburini kuita jini kubwa, na yale yaliyotumika yanarudi chini ya deki. Kwa hivyo kazi yako ni kutupa kadi zako mwenyewe makaburini, nyingi iwezekanavyo. Ikaja ikaongezewa Agido na Kelbek, ambazo zikitumwa makaburini kutoka mkononi ama kwa deki zinaweza kutuma kadi 5 za juu za deki ya kila mchezaji. Ya kila mchezaji! Sasa fikiria mpinzani wako naye ana Tearlaments. Ukitupa zako tano na zake tano zinaenda, na majini yake yanaamka wakati ni zamu yako. Tena kanuni za mnyororo, yaani ule mpangilio wa nguvu za kadi zikiamka pamoja, zinasema yale ya hiari ya mwenye zamu yanapangwa kwanza, ya mpinzani yanafuata, na mnyororo unatatuliwa kuanzia mwisho kurudi nyuma. Maana yake zake zinafanya kazi kabla ya zako. Kwa hivyo kila mara unafaa kujiuliza nitupe sasa ama nisitupe, nimebakisha nini kwa deki, yeye amebakisha nini kwa yake, kaburi lake lina nini, na nikishatupa nani atafaidika zaidi. Unahesabu kadi ambazo huzioni. Hapo ukiniambia deki inajicheza yenyewe nitajua tu hujawahi kuicheza dhidi ya pacha wake.

Lakini pia wacha nisidanganye, kuna ubabe ambao kweli hauna akili nyingi. Chukua Pokémon TCG Pocket, ile ya simu iliyotoka 2024, deki ya kadi 20 tu. Mwanzoni watu walikuwa wanalia sana na Misty. Misty unarusha sarafu mpaka ikatae, kila ikikubali unaongeza nishati moja ya maji kwa Pokémon wako. Articuno ex anahitaji nishati 3 ili apige ile shambulio lake kubwa la 80. Kukubali mara tatu mfululizo ni nafasi 1 kwa 8. Ikitokea zamu ya kwanza ama ya pili mpinzani hata hajapanga viti vyake, na hakuna uamuzi wowote mzuri umefanya hapo zaidi ya kuweka hiyo kadi ndani ya deki. Kwangu hiyo ndio tofauti ya kuangalia, si ati deki inashinda sana ama kidogo. Angalia kabla ya kushinda mtu amelazimika kuamua mara ngapi, na kati ya hayo maamuzi ni mangapi angeweza kukosea. Caw-Blade na Tearlaments zinakupa makumi ya nafasi za kukosea. Sarafu haikupi hata moja.

Sasa ile nilisema ya hapa kwetu. Kadi za kweli zinatoka nje, bei yake inafuata dola, ongeza usafirishaji na ushuru, na hapo kijana wa Umoja ama Rongai anaamua tu kucheza kwa simu. Ni sawa, hata mimi nashukuru hizo gemu za simu ziko. Lakini kwa mfano Master Duel, ile ya Yu-Gi-Oh! iliyotoka 2022, ngazi zake za kawaida ni gemu moja tu na imeisha, sarafu inaamua nani anaanza, na hakuna deki ya pembeni. Mashindano ya mezani hayako hivyo. Huko ni gemu mbili kati ya tatu, una kadi hadi 15 za pembeni ambazo baada ya gemu ya kwanza unaziingiza kulingana na adui uliyemwona, na kwa kawaida aliyepigwa ndio anachagua nani aanze. Yaani nusu ya silaha za kupambana na deki inayotawala ziko mahali ambapo wengi wetu hatuchezi. Mtu akipigwa gemu moja kwa simu, akaanza wa pili, hana kadi ya pembeni ya kumuokoa, lazima ataona ni deki imempiga. Na kwa hiyo gemu moja pengine ni kweli!

Hesabu yenyewe ni rahisi. Kwa Yu-Gi-Oh! ukiwa na deki ya kadi 40 na nakala 3 za ile dawa yako, yaani kadi ya kuzima deki inayotawala, nafasi ya kuiona kwa kadi 5 za kwanza ni kama 34%. Kwa hivyo karibu mara mbili kati ya tatu hutaianza nayo, hata ukiwa bingwa wa dunia. Bahati ipo. Ila sasa tuseme wewe na mimi tuna deki moja na wewe umenizidi kidogo, kwa kila gemu 10 unashinda 6. Ukiangalia gemu moja hakuna mtu ataona hiyo tofauti. Weka mbili kati ya tatu, ile 60% inakuwa karibu 65%. Weka raundi 10 za mashindano kwa kiwango hicho, nafasi ya kushinda 8 ama zaidi inakuwa kama 26%, na ya mtu wa nusu kwa nusu ni kama 5.5%. Karibu mara tano! Kitu kidogo ambacho kwa gemu moja huwezi kukiona, kwa wikendi nzima kinaamua nani anabeba kombe. Ndio maana unapata Jason Klaczynski amekuwa bingwa wa dunia wa Pokémon 2006, 2008 na 2013, na Kai Budde akashinda Pro Tour 7 za Magic, na kwa hayo mashindano ya Klaczynski wapinzani wake walikuwa na ruhusa ya kuleta deki kali yoyote wanayotaka.

Kuna akili ingine huwa tunaisahau, ile ya kabla ya meza. Mwezi wa pili 2016 kwa Pro Tour iliyofanyika Atlanta, deki 6 kati ya zile 8 bora zilikuwa za Eldrazi, zile zilizokuwa zinatumia Eye of Ugin na Eldrazi Temple kushusha majini makubwa mapema kupita kiasi. Kadi zilikuwa wazi kwa kila mtu, orodha iko, lakini ni timu chache tu zilikaa chini zikaona kitu iko hapo na zikaijenga vizuri kabla ya siku yenyewe. Baada ya wikendi hiyo kila mtu aliijua, na mwezi wa nne Eye of Ugin ikapigwa marufuku kwa Modern, ule mtindo wa Magic uliochezwa hapo Atlanta. Hata ukikopi orodha ya mtu leo, zile kadi tatu nne za mwisho kwa deki ni zako kuamua, na zinategemea unatarajia kukutana na nani. Mwenye amekopi orodha ya mashindano ya Marekani bila kubadilisha hata moja, akaenda nayo kwa meza za marafiki zake ambao hawachezi hizo vitu, ameleta dawa ya ugonjwa ambao haupo.

Na marufuku zenyewe pia zinachanganya watu, ati kama deki imefungiwa basi ilikuwa ya wajinga. Si hivyo. Jace na Stoneforge Mystic walitolewa kwa Standard, ule mtindo wa Magic wa kadi za karibuni ambao Caw-Blade ilikuwa inachezwa, katikati ya 2011, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kadi kupigwa marufuku kwa Standard tangu 2005. Shida haikuwa ati Caw-Blade ni rahisi, wachezaji wakubwa walikuwa wanaisifu vile inapima mtu. Shida ni kwamba watu walikuwa wamechoka kuketi raundi baada ya raundi mbele ya kitu kimoja, mahudhurio yakaanza kushuka, na Jace peke yake alikuwa amefika kama dola 100 kwa kadi moja na deki inataka nne. Wakaachia mlango mmoja tu, Stoneforge ungeweza kumtumia ukija na ile deki tayari ya dukani ambayo alikuwa ndani yake, bila kubadilisha hata kadi moja.