Je, wajua kwa nini tumbo huvuruga siku ya pepa?

Kuna kijana twakaa naye ploti moja hapa Tudor, Mombasa, yuko mwaka wa tatu, na kila pepa zikikaribia choo cha ploti chawa chake. Hata mahamri ya mbaazi hayamshuki. Basi yeye hukimbilia duka la dawa, apewe dawa ya ameba bila kupimwa choo, ameze, pepa ziishe, apone, aseme wallahi dawa kali hii. Muhula ujao ameba wale wale warudi, yani ameba wana ratiba ya chuo!

Sasa ukweli ni kwamba hilo tumbo haliigizi. Ubongo ukiona hatari, iwe mbwa anakufukuza ama pepa ya hesabu, mwili wamwaga adrenalini na kotisoli, homoni za wasiwasi, moyo waenda mbio, damu yatolewa tumboni yapelekwa kwa misuli ili ukimbie, na hapo tumbo lenyewe lapunguza kusaga chakula ndo wasikia kichefuchefu, lakini utumbo mpana ule wa chini waongeza kasi, ndo wakimbia chooni mara tano. Halafu matumbo yana mtandao wake wa seli za neva, zaidi ya milioni 100, na kuna neva moja ndefu, vegasi, yaunganisha tumbo na kichwa, na habari nyingi zapanda juu kuliko zinazoshuka. Kwa hivyo tumbo likivurugika nalo lakuongezea wasiwasi.

Siku mbili tatu za pepa ni kawaida. Lakini mkopo wa chuo wa HELB haujaingia, kodi ya ploti yadaiwa, mzee apiga simu kutoka Kwale kila jioni kuuliza masomo, na wewe hulali, huli, leksha huendi, hata mpira huna hamu nao, na imepita wiki mbili, hiyo si pepa tena, tafuta mtu. Kampasi nyingi zina ofisi ya ushauri nasaha na mwanafunzi halipi, shida ni watu kuogopa kuonekana wakiingia pale, ati wataitwa wenda wazimu. Msalaba Mwekundu wa Kenya wana laini ya simu ya 1199, ni bure. Na hospitali ya Port Reitz kuna kitengo cha afya ya akili. (Ukiona damu chooni, homa ama wakonda ovyo, hapo nenda upimwe hilo tumbo kwanza.)

Jirani yangu yule alienda ofisi ya ushauri mwisho wa muhula uliopita, akarudi amenuna kwa sababu hakupewa hata tembe moja, ameulizwa tu hulala saa ngapi na nani nyumbani ajua kwamba alirudia pepa mbili. Hakuna aliyejua. Akafunzwa kuvuta pumzi na kuitoa polepole, kuitoa ndo iwe ndefu, manake hiyo yaiamsha ile vegasi na moyo wapunguza mbio.

Juzi alikuwa na pepa saa mbili. Nilimpata kibarazani na hamri moja mkononi, la pili ashalimaliza.